Kimya ya kwa Mama Vital

Mimi nilifundisha ku universite miezi tano, na sina diploma hata moja. Uliza mutu yeyote hapa Saio, quartier yetu mu Bunia. Sawa, usiulize, juu watakuambia. Aliyefundisha ni Prof Eugène. Mimi nilikuwa ninaikaa ku kiti, nyuma ya simu yake, ninanyamaza. Na hata ile kunyamaza, sikuifanya muzuri.

Masomo yangu ni ya primaire, mwaka ya tano, kule Bule, upande ya Djugu. Mwaka ya sita ilibaki inaningojea ku mulango ya shule. Kama haijachoka, ingali pale. Lakini kusoma ninasoma, kuandika ninaandika, na kudanganya sikufundishwa na mutu, nilijifunza mwenyewe.

Nyumba yangu iko na vyumba nne. Bwana yangu alipokufa, mutoto yangu Vital akaenda Kampala kutafuta maisha. Ninafikiri aliipata, juu hajarudi kuniambia. Nikabaki na chumba moja ya kulala na tatu ya kuangalia. Basi nikaingiza wanafunzi wa universite. Caleb alikuwa mutu wa kubishana. Alibishana hata na mvua. Orly alikuwa mutu wa usingizi. Siku moja nilimukuta amesinzia amesimama, sahani mu mukono, na muchuzi haikumwangika hata tone. Na Alliance, mutoto wa kwetu Bule, alikuwa mutu wa kuandika. Ukimuambia chumvi imeisha, anaandika kwanza, halafu anaenda kuomba kwa jirani. Yeye alikuwa ananiita koko, kama vile mutoto anaita mama ya mama yake.

Mu salon, pale tulikuwa tunakula, kila mutu alikuwa na kiti yake, na yangu ya nne. Saa ya chakula ilikuwa kelele mpaka nilikuwa ninaomba Mungu anipe kimya kidogo. Na Mungu njo vile iko: unamuomba kikombe, anakungojea siku anakumwangia pipa.

Barabara ya kwenda Djugu haikuwa ya kuamini. Leo inapitika, kesho imefungwa, na wanafunzi wa kule wanakosa masomo juma mbili, juma tatu. Wakubwa wa universite wakaikaa, wakakata neno: masomo itapita ku simu. Kila prof ataongea mbele ya simu yake, somo itatumwa, na mwanafunzi ataifungua popote iko, kama ni ku shamba, kama ni ku kitanda. Neno muzuri. Nilipiga mikono mimi mwenyewe. Sikufikiri kwamba mutu anayeweza kusomea popote hana lazima ya kusomea kwangu.

Waliondoka mu juma moja. Caleb alipanda pikipiki na godoro yake, wanabishana na mwenye pikipiki namna ya kuifunga mpaka wakapotea ku kona. Orly alisahau muto yake. Alliance alirudi Bule kusaidia mama yake mu mashamba. Aliosha kiti yake, akaipangusa, akaniambia koko, usikalishe mutu hapa. Nikamuambia nitakalisha nani.

Nilikuwa ninapika sufuria ileile. Mukono ulikuwa unajua kipimo ya watu wanne na haukutaka kusikia habari ingine. Chakula iliyobaki ilienda kwa kuku, na kuku wakanenepa. Mwenye kunenepa kabisa alikuwa jogoo yangu, Katekista. Nilimupa ile jina juu alikuwa anaamushaka watu kwenda sala ambayo yeye mwenyewe haendeki. Siku zingine, katika nyumba ile yote, sauti niliyosikia ilikuwa yake na ya mufuniko ya sufuria. Nilianza kumujibu. Si vibaya kujibu jogoo. Vibaya ni siku unaanza kungoja amalize ndio useme.

Njo vile Prof Eugène alinikuta. Alisimama ku mulango na kofia mu mukono, muzee murefu, mwembamba, koti yake imepigwa pasi na mutu asiyejua kupiga pasi. Pale nikajua hana bibi. Alinieleza kwamba anafundisha namna ya kulinda mavuno: maharagi, mahindi, muhogo, isiliwe na wadudu wala isioze. Miaka makumi tatu na moja anafundisha. Sasa universite inamuomba somo kumi na mbili mu simu, na kwake haiwezekani. Nyumba yake iko kati ya mashini ya kusaga na kanisa yenye kwaya tatu. Alijaribu. Kule universite kuna kijana anaitwa Yves, yeye njo anasikiliza kila somo kabla haijatumwa, na aliirudisha: maneno hayasikilike kati ya unga na haleluya. Alliance, kabla ya kwenda, alikuwa amemuambia kuna fasi moja tu katika Bunia yote isiyo na kelele. Ni kwa koko yake.

Mutu anaweza kusifiwa kwa urembo, kwa ngombe, kwa watoto. Mimi nilisifiwa kwa kukosa watu. Nikamuambia aingie.

Aliweka simu juu ya kikopo ya maziwa, kikopo juu ya meza, akaifungua, akasimama mbele yake. Alisafisha koo. Alirekebisha koti. Akasema "Wanafunzi wapenzi," halafu akaangalia simu kama mutu anaangalia mbwa asiyemujua. Akaifunga.

Alijaribu mara tatu. Mu ile ya tatu nilikuwa ninapita na ndoo ya mayi, akaniomba nisimame kidogo, nyuma ya simu, pale macho yake inaweza kunifikia. Nikasimama. Akaanza kuongea, na maneno ikatoka kama mayi ya bomba. Alipomaliza alinieleza bila haya: miaka makumi tatu na moja anafundisha akiangalia macho ya watu. Simu iko na jicho moja, na haisinziake. Yeye hawezi kumuamini mwanafunzi asiyesinzia.

Tangu ile siku, kila vendredi, ndiyo Ijumaa, saa tisa, nilikuwa mwanafunzi. Nilipanga viti nne nyuma ya kikopo, na kila juma nilichagua kiti. Nikiikaa ku kiti ya Caleb, ninatingisha kichwa kumukatalia, na Prof anaeleza mara mbili kwa ukali. Nikiikaa ku kiti ya Orly, ninafunga macho, na yeye anapandisha sauti. Ku yangu mwenyewe nilikuwa ninasikiliza tu. Ku kiti ya Alliance sikuikaa. Prof aliona yote, na kila akiingia aliangalia kwanza ni nani aliyekuya leo.

Masomo yenyewe ilinifurahisha, na iliniumiza kidogo. Mutu anaongea habari ya gunia ya maharagi, ghala, majivu, na weye uko na mashamba kule Bule ambayo miaka mingi haujakanyaga. Mu somo ya ine alisema dawa ya wadudu ni ile inauzishwa mu duka. Mimi, ku kiti ya Caleb, nikatingisha kichwa sana. Alipofunga simu aliniuliza nini. Nikamuambia mama yangu alikuwa anachanga majivu na pilipili ya kukauka, na maharagi yetu ilingoja mvua mbili bila tundu. Aliandika. Vendredi ingine alirudilia ile somo yote, akatia majivu na pilipili, akasema "kama vile wanawake wa Djugu wanafanyaka tangu zamani." Aliangalia kiti yangu akisema. Juma ile yote nilitembea kama mutu mwenye viatu mupya.

Sasa niseme habari ya jogoo.

Mu somo ya tatu, Katekista aliwika peke yake, kwa mapenzi yake, karibu na mwisho. Yves akairudisha ile somo. Sheria yao ilikuwa somo iwe moja, dakika makumi ine, bila kukata na bila kelele ya nje. Kukohoa kwa mutu alikubali, jogoo alikataa. Basi Prof akarudi vendredi iliyofuata kufanya somo ya tatu tena, na akaleta sukari juu ya kuomba samahani, wakati mwenye kosa alikuwa jogoo yangu. Tulikunywa chai. Alinieleza habari ya bibi yake, marehemu Suzanne, na namna alikuwa anaimba akipika. Akaenda jua limeinama.

Mimi nikabaki ninaosha vikombe mbili. Mbili. Nikahesabu: somo kumi na mbili ni vendredi kumi na mbili, na tulikuwa tumekula tatu. Lakini kama jogoo akiwika, vendredi moja inazaa ingine.

Kumbuka mimi ni mujane na yeye ni mujane. Huku kwetu mwanaume akiingia kwa mwanamuke mujane na kazi mu mukono, watu wanasema muzee yuko ku kazi. Akiingia bila kazi, quartier inamutafutia kazi yenyewe na inaieleza ku bomba ya mayi. Simu ile ilikuwa mulango yetu. Masomo ikiisha, mulango imefungwa, na hakuna mwenye uso ya kupiga hodi.

Nikatafuta kitunga kubwa. Siku ya somo nilikuwa ninaweka Katekista chini yake, mu jiko, mu giza, anafikiri ni usiku. Nikafunga kamba ku kitunga, nikaipitisha chini ya mulango mpaka ku kiti yangu, mwisho yake nikaivalisha kidole kubwa ya muguu. Ukivuta muguu, kitunga inainuka, mwangaza inaingia, na Katekista, ambaye hakukawia kuamini hata siku moja, anaona kumekucha. Anawika kwa nguvu ya mutu aliyechelewa ku kazi.

Sikuitumia kila mara, mimi si mutu mubaya. Mara moja mu somo ya tano. Mara moja mu ya saba. Mara mbili mu ya tisa, juu Prof alikuwa ameleta mukate. Yeye alisimamaka katikati ya neno, anainua mikono, anacheka kidogo, anasema basi, vendredi. Mimi ninaenda jiko kumutukana Katekista kwa sauti, na huku ninamupa mahindi. Siku moja Prof alikuwa anapita kuchukua chai, akafika ku ile kamba, akainua muguu juu yake polepole kama mutu anaruka mbwa aliyelala, akaendelea na habari yake. Nikasema moyoni: Mungu asifiwe, huyu muzee macho yake imekwisha.

Somo ya kumi na mbili, ya mwisho, ilikuwa ya maharagi. Aliianza vendredi moja na uso ya kilio. Kunywa chai alikunywa nusu. Aliniambia mukubwa yake amemushukuru sana: mwaka inayokuya hawatamusumbua tena, wataonyesha masomo ileile, na mwaka ingine vilevile. "Nimejifungia mu kikopo," akasema, "kama samaki. Watanifungua kila mwaka, na mimi mwenyewe sitakuwako." Aliangalia vile viti nne. Mimi niliangalia mukono yake ku kikombe. Akafungua simu, akaanza somo. Nikavuta muguu.

Nilivuta ile vendredi, na ile iliyofuata, na ile iliyofuata. Vendredi tatu, somo moja. Ya nne, alisema Yves amemupigia simu akiuliza kama ile jogoo haifi. Nikavuta tena. Muko na haki ya kunihukumu. Lakini kwanza mupike sufuria ya mutu moja kwa miaka, ndio mukuye.

Halafu, juma iliyofuata, siku moja kabla ya vendredi, Alliance akanipigia simu.

Sauti yake ilikuwa inaenda na kurudi kama mutu mwenye kupanda bembea. Alikuwa ku kilima, nyuma ya soko ya Bule, fasi moja tu yenye rezo ya simu, na ni mwendo wa saa moja kutoka kwao. Kila vendredi jioni anapanda kungoja somo. Aliniambia vendredi ine amepanda na kushuka mikono mitupu. Mutihani inafunguka mardi, ndiyo Jumanne. Mashini ya universite njo inahesabu: mwanafunzi asiye na masomo kumi na mbili hafunguliwi mutihani, na mwaka yake imeanguka. Si yeye peke yake, wote. Alisema wengine wananungunikia Prof, lakini yeye anajua Prof si muvivu, labda anagonjwa. Aliniuliza kama anagonjwa.

Nikamuambia hapana, iko muzima.

Akaniambia kusoma peke yake ku kilima ni kubaya. Hakuna mutu wa kuuliza. Caleb hayuko wa kubishana naye, hata Orly wa kumuamusha. Somo ikiisha, simu inazima, na weye uko na majani na upepo.

"Mu somo ya saba," akasema, "kuna mutu anakohoa. Dakika ya makumi mbili na mbili. Ni weye, koko. Ninajua kukohoa yako. Nilirudilia pale mara nyingi, mpaka mega ya simu yangu ikaisha."

Nilimuambia apande vendredi. Somo itakuwako. Akasema koko unajuaje, nikamuambia nimeota.

Ile siku sikukula. Niliikaa ku kiti ya Alliance, ile aliyoniambia nisikalishe mutu, nikaangalia ile kamba. Nilikuwa nimefikiri ninavuta kitunga. Kumbe kule mwisho ya kamba kulikuwa mutoto amesimama ku kilima.

Ningeweza kukata kamba tu. Mumefikiri hivyo, na mimi pia nilifikiri. Lakini ninajijua. Kamba inafungwa tena. Mwanamuke aliyeifunga mara moja atatafuta ingine, hata ya viatu. Na Katekista akibaki muzima, siku ile ya mwisho, nikiona Prof anafunga simu kwa mara ya mwisho, muguu yangu itatafuta njia.

Vendredi asubui nikanoa kisu. Kwetu kuchinja ni kazi ya mwanaume, lakini mujane anakuwa watu wengi. Nilimuita Katekista kwa jina, akakuya mbio, anafikiri ni mahindi. Nilimuomba samahani. Hakunijibu, na ndio mara ya kwanza alikosa la kusema. Manyoya nilizika nyuma ya choo. Nilimupika polepole na vitunguu, na ile sukari ya mwisho aliyoleta Prof nikaitia mu chai.

Alifika saa tisa, koti ileile. Alisikia harufu, akauliza kama nimepata mugeni. Nikamuambia bado, labda atakuya. Niliikaa ku kiti yangu. Kamba ilikuwa pale chini ya mulango, sikuwa na moyo ya kuitoa. Kule jiko ilikuwa imefungwa ku kitunga iliyofunika hewa.

Akaanza. Kumbe muzee alikuwa hajawahi kufundisha muzuri vile. Alieleza maharagi kama mutu anaeleza watoto wake: namna ya kuikausha, namna ya kuuma moja kwa meno kujua kama iko tayari, majivu, pilipili, gunia kuiweka juu ya miti isiguse udongo. Dakika makumi mbili. Makumi tatu. Nyumba ilikuwa na kimya mpaka nilisikia saa ya mukono yake. Muguu yangu ilisogea peke yake, ikagusa kamba, ikavuta. Hakuna kitu. Kule jiko kitunga iliinuka ikaanguka, kidogo tu, kama mutu anashusha pumzi.

Dakika ya makumi tatu na saba, Prof akapunguza mwendo. Alisema neno ya mwisho, akairudilia. Akasimama. Aliangalia mulango ya jiko. Akairudilia mara ya tatu, na kule ku mwisho akaacha fasi, kama mwalimu anaacha fasi ya mutoto kujibu. Nikafikiri amesahau somo, maskini. Halafu akaangalia simu, ile jicho moja, akawatakia wanafunzi mutihani muzuri, akawaambia kama mutu hana wa kumuuliza, aulize mama yake namna alikuwa analinda maharagi. Akafunga.

Yeye alikunja karatasi yake mara mbili, mara ine, mpaka haikuweza kukunjika tena.

Nikaleta chakula. Nikapakua bugali, nikapakua kuku, na juu ya yote nikaweka firigisi. Huku kwetu firigisi haiendi kwa mutu yeyote. Ni ya bwana ya nyumba, na kama hakuna bwana ya nyumba, ni ya mugeni ambaye hutaki aende. Mwanamuke anaweza kuipika miaka makumi ine bila kujua utamu yake. Prof aliiona mu sahani, akaondoa miwani, akaipangusa, akaivaa. Akasema asante, Mama Vital, kwa sauti ya chini. Aliisukuma ku pembeni, aimalizie nayo. Aliniuliza kuku huyu nimemutoa wapi, nikamuambia kwa Mungu, na hakuuliza tena.

Tulikula. Niliangalia mukono yake ikipunguza bugali, na kila tonge ilikuwa inafunga mulango kidogo. Nilitafuta kazi ya kumupa. Nilifikiri kumuambia paa inavuja. Haivuji. Nilifikiri kumuambia anifundishe mwaka ya sita ya primaire. Mudomo ikakataa.

Alipofikia ile firigisi, aliitia mu mudomo, akaisogeza ku shavu ya kuume, akachukua simu. Akaiweka ku sikio. Alisikiliza na macho imefungwa, muda murefu, anatafuna polepole. Halafu akaishusha, na uso yake ilikuwa ya daktari anayetoka mu chumba ya mugonjwa.

"Mama Vital," akasema, "bahati mbaya."

Nikamuuliza bahati mbaya gani.

"Ile jogoo yako tena. Amewika, dakika ya makumi tatu na tisa. Weye hukusikia, lakini simu inasikiaka kila kitu. Yves hatakubali hata kidogo. Inaomba nirudi vendredi."

Aliweka simu chini, uso juu, akaisogeza mbali na mukono yangu. Macho yake ilikimbia kama ya mutoto wa shule. Niliangalia ile kamba chini ya mulango, halafu viatu yake ambayo ilikuwa inairuka polepole, juma kwa juma. Ile wakati yote nilifikiri ninavuta peke yangu. Lakini ile jioni Alliance alikuwa anapanda kilima kungoja somo.

"Katekista aliwika?" nikamuuliza.

"Aliwika. Mara mbili."

"Wapi, mu jiko?"

"Mu jiko," akasema. "Nilimusikia kwa masikio yangu."

"Prof," nikamuambia, "Katekista iko mu shavu yako ya kuume."

Taya yake ikasimama. Hakuimeza, hakuitema.